Mwalimu, kuna deni hujaliandika

SWALI

Shikamoo Bibi Daftari. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia, sekondari moja huku Kilosa. Nina miaka 38, mke na watoto watatu. Mshahara wangu ghafi ni Sh 1,070,000. Ikishakatwa kodi, pensheni, bima, chama, Bodi ya Mikopo na rejesho la benki la 290,000, naingiziwa 379,000.

Madeni yangu ni haya. Benki imebaki kama 10,400,000, miaka minne ya kukatwa. Nilikopa nipaue nyumba, ikapauliwa nusu. Saccos ya walimu wananidai 1,200,000. Natakiwa kupeleka 100,000 kila mwezi kwa mkono, nina miezi mitatu sijapeleka, na wadhamini wangu wawili tunasalimiana kwa kichwa tu siku hizi. Kuna mkopeshaji wa mjini, hawa wa kausha damu, alinipa 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kadi yangu ya benki anakaa nayo yeye na namba ya siri nilimpa. Mshahara ukiingia anatoa kwanza 100,000 yake ya riba, halafu ananiazima kadi nitoe zangu. Huu ni mwezi wa saba na ile 500,000 iko palepale. Programu tatu za simu kwa jumla zilinipa 150,000 mkononi, leo zinadai 236,000, na moja imeshawatumia mkuu wa shule na mama mkwe wangu meseji kwamba mimi ni tapeli. Dukani 84,000. Shemeji yangu 300,000.

Matumizi ya mwezi: chakula 150,000, umeme na maji 20,000, mafuta ya pikipiki 40,000, mambo ya shule ya watoto 30,000. Ikifika tarehe 10 sina hata mia, nakopa tena. Mke wangu hajui lolote.

Afisa mmoja wa benki kanipigia, anasema naweza kutopapu, yaani kuongezewa mkopo juu ya huu nilionao, nipate 4,500,000 mkononi na makato yabaki yaleyale. Na mwenzangu ofisini anasema nitangaze nimefilisika, madeni yote yafutwe. Nishike lipi?

Mwalimu, Kilosa

JIBU

Marahaba mwanangu. Nilikaa dirisha la mikopo la Saccos hapa Morogoro miaka kumi na tisa, na kazi ile imeniachia ugonjwa mmoja: siwezi kusoma barua ya mdaiwa bila kushika kalamu nikajumlisha.

Basi nikajumlisha. Chakula, umeme na maji, mafuta, shule: 240,000. Ongeza 100,000 ya huyo bwana wa kadi, 340,000. Unaingiziwa 379,000. Saccos hupeleki, dukani hulipi, shemeji hulipi. Kwa hiyo kila mwezi ilipaswa ikubakie 39,000, lakini unasema tarehe 10 huna hata mia na unakopa juu yake. Kuna kitu kinakula fedha na hakimo kwenye barua.

Ndiyo maana nilikupigia simu. Ulianza na "matumizi madogo madogo tu, Bibi". Nikakuuliza kadi ngapi za harusi ziko hapo nyumbani. Ukanyamaza, nikasikia droo inavutwa. Harusi ya mwalimu mwenzako, kadi ya wawili, 150,000. Harusi ya binamu, 100,000. Sendofu, 70,000. Kipaimara, 50,000. Kichen pati ya upande wa mkeo, 50,000. Jumla 420,000 ndani ya miezi mitatu, yaani 140,000 kwa mwezi, na unazilipa kwa mafungu kwa sababu mweka hazina wa kamati anaweka majina kwenye grupu kila Jumapili na hutaki lako lionekane halina tiki. Mwalimu wa Kiswahili, unawafundisha watoto kwamba ahadi ni deni, kisha unaandika orodha ya madeni na ahadi huziweki!

Sikucheki. Mimi mwenyewe mwaka 2008 nilichukua vitenge vya mali kauli, nikavigawa kwa marafiki ambao walikuwa walipe mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wao haukufika. Nikawa napita njia ya relini kwenda kazini ili nisipite mbele ya duka la yule mama aliyenipa mzigo. Dakika arobaini badala ya kumi na tano, viatu vikaisha nyayo. Siku nilipokwenda kukaa naye aliniambia, "Ulikuwa unajichosha bure, mimi kutoka dukani naiona reli."

Tuanze na hilo la kufilisika, kwa kuwa ni fupi. Kufilisika hakutangazwi kama msiba. Iko Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, na mlango wake ni mahakama: linapelekwa ombi, ikitoka amri mali yako inawekwa chini ya usimamizi, wadai wanaitwa kuandikisha wanachodai. RITA mnaijua kwa vyeti vya kuzaliwa, lakini jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na hilo neno la katikati ndilo analolizungumzia mwenzako bila kulijua. Kwako wewe mwenye mshahara wa kila mwezi na madeni ya jumla ya 12,720,000, ambayo zaidi ya milioni kumi zinakatwa zenyewe, kitu cha kwanza kuangaliwa kitakuwa nyumba iliyopauliwa nusu. Mwambie mwenzako aendelee kusahihisha madaftari.

Sasa kadi. Hili ni la kesho asubuhi, hata kama una kipindi cha kwanza, omba ruhusa. Nenda tawi la benki yako, sema kadi haiko mikononi mwako, ifungwe, utengenezewe nyingine yenye namba ya siri mpya. Usianze kwa kwenda kumbembeleza akurudishie. Namba ile hata benki yenyewe haikuulizi, wewe umempa mtu wa barabarani.

Najua utaniambia, "Lakini Bibi, fedha zake nilizila." Ulizila, ndiyo, kwa hiyo tuhesabu kwa haki. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mtu anayekopesha kama biashara, awe na kampuni au awe peke yake na begi lake kwapani, yuko daraja la pili na ni lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Riba ya daraja hilo Benki Kuu imeiwekea kikomo, isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Asilimia 3.5 ya 500,000 ni 17,500. Miezi saba, 122,500. Pamoja na ile 500,000 yenyewe ungetakiwa umlipe 622,500. Ameshachukua 700,000. Kwa riba halali ulimaliza mwezi huu na chenji ya 77,500 juu, na yeye anasema bado hujaanza.

Ulisema hakupi risiti. Omba benki taarifa ya akaunti ya miezi minane. Kila mshahara ulipoingia, saa hiyohiyo au kesho yake, 100,000 imetoka kwenye mashine ileile ya mjini. Hiyo ndiyo risiti yako. Itoe nakala tatu. Mwandikie barua umwombe nakala ya mkataba, namba ya leseni na hesabu ya ulicholipa, na upeleke ukiwa na shahidi. Wilayani kwenu waulizie wasaidizi wa kisheria, wale wa msaada wa bure, mmoja akusindikize. Akiwa na leseni, malalamiko yanapokelewa Benki Kuu. Asipokuwa nayo, yeye ndiye mwenye kesi ya kujibu.

Jambo moja limenikosesha usingizi. Nilipokuuliza ulisaini nini, ulisema karatasi mbili, moja hukuisoma. Mtu anayewakata wanafunzi alama kwa mkato kukaa mahali pasipo pake! Wengi wa hawa huwasainisha watu hati ya kuuza pikipiki au kiwanja, tarehe ikiwa wazi. Huyo msaidizi wa kisheria mweleze habari ya karatasi hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na kadi ya pikipiki itoe nyumbani kwako uiweke mahali salama.

Programu za simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Tafuta kama zako zimo, halafu tafuta pia kwenye orodha ya wenye leseni, maana haya majina huzaliwa upya kila msimu. Moja uliniambia iliandika umekopa 60,000, ikakutumia 42,000, na inataka 60,000 kamili baada ya siku saba. Iliyo na leseni ulipe ulichopokea na riba yake halali. Kwa isiyo na leseni, andaa ushahidi kwanza: piga picha za skrini za meseji zote, pamoja na ile ya mama mkwe, kabla hujaifuta. Kuchukua namba za watu kwenye simu yako na kukutukana kwao ni kosa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake inapokea malalamiko. Kisha iondolee ruhusa ya kuona namba zako, ndipo uifute.

Mama mkwe mpigie wewe, leo. Usiandike meseji. "Shikamoo mama. Ile meseji uliyopata ni ya kweli nusu. Nadaiwa, sijamtapeli mtu, nalipa." Basi. Akianza kuuliza mengi, sema utakwenda kumsalimia. Ila kabla ya kumpigia yeye kuna mtu mwingine ndani ya nyumba yako wa kuanza naye, nitafika huko.

Saccos ni deni ninalolijua kwa harufu. Walioingia ofisini kwangu kabla ya kuitwa niliwatengea kiti. Walioletwa na barua ya tatu walikuta kamati imeshakasirika. Nakumbuka bwana mmoja alitoka Mikumi kwa basi la alfajiri, akanifungulia daftari la mwanawe la hesabu, lile lenye vibox, kaandika kila anayemdai, mpaka fundi viatu 1,500. Kamati haikumjadili dakika kumi, aliongezewa muda. Daftari lile lilikuwa limewafanyia kazi yao.

Nenda kwa katibu au meneja, omba kurefushiwa muda, rejesho lishuke hadi 70,000. Andika barua, usiseme kwa mdomo. Na kabla ya hapo pita kwa wadhamini wako, mmoja mmoja, nyumbani kwao, maana wewe usipopeleka wao ndio watakatwa, na wanalijua hilo kila wanapokuona unawasha pikipiki. Ukiitwa kusahihisha mitihani ya taifa mwaka huu, posho ile yote ipeleke Saccos na uwaoneshe stakabadhi.

Kutopapu. Sitasema ni haramu. Wapo walioitumia vizuri. Mimi niliwaona wawili, na majina yao nayakumbuka kwa sababu walikuwa wawili. Tazama hesabu uliyonitajia: makato yaleyale 290,000, lakini saa inarudi sifuri, miaka saba. Leo umebakiza miezi 48, ambayo ni 13,920,000. Ukitopapu ni miezi 84, sawa na 24,360,000. Tofauti ni 10,440,000, na mkononi umepewa 4,500,000. Makato hayapandi kwa sababu hayawezi kupanda, kanuni inamtaka mtumishi wa umma abakiwe na theluthi moja ya mshahara, na theluthi yako ni 356,000 na ushee. Umeshafika ukingoni. Kinachobaki kunyooshwa ni miaka yako. Isitoshe madeni yako yote nje ya benki ni 2,320,000, hiyo nyingine ingekwenda wapi? Nakusikia unasema bati.

Mwezi ujao basi, ukiwa na kadi yako mfukoni: 379,000, toa matumizi 240,000, imebaki 139,000. Saccos 70,000. Programu 50,000, kwa miezi mitatu hivi. Dukani 15,000, na umwambie mwenye duka kabisa kwamba itakuwa hiyo kila tarehe ya mshahara, usimwahidi kumaliza yote. Inabaki 4,000, ya vocha. Shemeji mwambie zamu yake inaanza baada ya hiyo miezi mitatu, kwa ile 50,000 itakayokuwa imetoka kwenye programu. Bibi huyu hajui kupika hesabu, ni nyembamba hivyo hivyo. Mtoto akiugua nje ya bima, dukani patasubiri.

Utaona michango haimo. Waandikie wenyeviti wa kamati, faraghani, si kwenye grupu: "Mwenyekiti, ahadi yangu ilikuwa 150,000, nimeshatoa 60,000, naomba iishie hapo. Siku yenyewe nitakuja mapema kupanga viti." Mwenyekiti mwenye akili atashukuru, kwa sababu bajeti ya vinywaji anaipanga kwa ahadi za watu kama wewe ambao mpaka siku ya harusi wanaandika "nalifanyia kazi". Mwenye kununa atanuna, na atakualika tena kwenye ubatizo.

Na mkeo. Unasema hajui. Mwanamke anayeishi na mwanamume ambaye kila mwisho wa mwezi lazima apande mjini "kuonana na mtu" ndipo atoe fedha kwenye mashine, hajui? Mama yake ameshapata meseji. Kama bado hajamwambia, anatafuta namna ya kumwambia. Mngoje watoto walale, toa daftari, siyo maneno. Ukurasa mmoja, wadai wote, na ahadi zote. Usianze na sababu, muache asome mwenyewe mpaka chini. Mkabidhi na kadi mpya akae nayo, ukipenda. Kuna wanaume nimewaambia hivyo wakacheka, mmoja aliniletea sukari kilo mbili baada ya mwaka.

SWALI

Shikamoo Bibi. Mume wangu alikuwa mtumishi, amefariki miezi miwili iliyopita. Sasa nyumbani wanakuja watu wanasema walimkopesha. Mmoja ana karatasi yenye saini, wawili wana maneno tu. Na benki alikuwa na mkopo wa mshahara. Mashemeji wanasema mimi ndiye mke, nilipe, wanaona nina genge la mbogamboga na linatoka. Genge ni langu, mtaji nilianza na fedha za kikoba. Kweli nawajibika?

Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU

Marahaba, na pole sana mama.

Deni la marehemu linalipwa na mali ya marehemu. Genge halimo, labda kama kuna mkopo ulioweka saini yako kama mdhamini au mkopaji mwenza, hilo kumbuka vizuri na uniandikie tena. Siku ya maziko bila shaka alisimama mtu wa familia akasema anayemdai marehemu au anayedaiwa na marehemu amwone fulani. Huyo fulani alikuwa wa kupokea taarifa tu. Wa kulipa ni msimamizi wa mirathi atakayethibitishwa na mahakama, naye hulipa madeni yaliyothibitika kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe kwa warithi. Mashemeji wakitaka mambo yaende, wakae kikao cha ukoo wapendekeze msimamizi, muhtasari uandikwe, mwende Mahakama ya Mwanzo. Na wewe usiogope kupendekezwa.

Benki nenda mwenyewe na cheti cha kifo, usingoje wakuite. Uliza swali moja: mkopo huu ulikuwa na bima? Mikopo ya mshahara mingi huwa na bima ambayo mkopaji akifa inamalizia deni, na fedha yake marehemu alishakatwa siku ile anachukua mkopo. Wakikujibu kwa mdomo, omba wakuandikie. Wakati uko hapohapo uliza na akaunti yake ina nini.

Hao wenye maneno tu wasikilize, usiwatukane, pengine mmoja anasema kweli, waambie walete walichonacho kwa msimamizi. Huyo mwenye karatasi mpe kiti, ipige picha karatasi yake pande zote mbili, umrudishie. Saini ya mumeo unaijua. Ilinganishe na ile ya kwenye cheti cha ndoa.